Kufuata maji ya Mau: kutoka Nessuit hadi Dunga

Jumatatu. Njoro

Matatu ilijaa upesi, na kabla hatujapita Ngata abiria walikuwa wameshamchagua rais wa 2027 pamoja na naibu wake. Nilikaa kimya. Safari hii nimetoka kusikiliza: nafuata maji ya Mau, msitu wa milima ya Bonde la Ufa, hadi Ziwa Victoria, na kila ninaposhuka nauliza swali moja. Waogiek, ile jamii ndogo ya warina asali wa Mau, warudishiwe msitu wao, au la?

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha ilishalijibu. Oktoba 2009 Waogiek wa Mau walipewa notisi ya siku 30 kuhama. Kesi ikazunguka, na tarehe 26 Mei 2017 majaji wakasema Kenya imewavunjia haki zao za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo, na kwamba wao ni watu wa asili wa msitu huo. Serikali ilijitetea kwamba inaokoa miti. Majaji hawakukubali: sehemu kubwa ya uharibifu waliona imetokana na serikali yenyewe kugawa mashamba na kutoa leseni za mbao. Tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia, shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa machungu, pamoja na amri kwamba ardhi ipimwe na waandikiwe hati ya pamoja. Lakini majaji wa Arusha hawapigi kura Nakuru. Wanaopiga ndio niliotaka kuwasikia.

Mchana niliingia kasri la Egerton. Bwana Maurice Egerton alianza kulijenga 1938, likamalizika 1954, na 1958 akafa bila mke wala mtoto. Kundi la wanafunzi walikuwa wanacheka hadithi ile ile ya mwanamke aliyemkataa kwa sababu nyumba ya kwanza ilikuwa ndogo. Maswali yalikuwa mengi kuhusu mwanamke, hakuna hata moja kuhusu shamba. Lord Delamere naye alipewa ekari laki moja hapa hapa Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa mkataba wa miaka 99. Rangi ya ngozi ndiyo iliyokuwa hati miliki. Nyanda hizi zilitengwa kwa Wazungu, na hata Mhindi mwenye pesa zake hakuruhusiwa kununua. Shule ya kilimo ambayo Egerton aliianzisha 1939 ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Leo ni chuo kikuu na watoto wa Kaptembwa, mtaa wa wanyonge wa Nakuru, wanasoma humo.

Mwogiek je? Tume ya ardhi ya Carter, iliyokaa kati ya 1932 na 1934, ilipendekeza wale iliyowaita Wadorobo wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa wamezwe humo. Pendekezo hilo limeishi kuliko waliolitoa.

Jioni sokoni nilikaa na mama mmoja anayeuza viazi. Kabla ya kujibu akaniuliza jina. Nikamtajia.

"La pili?"

Nikamtajia la pili, lile linalotaja kabila. Mmaragoli wa Nakuru. Akatulia, akaendelea kupanga viazi kwenye debe, vikubwa juu kama kawaida yao.

"Baba yangu alinunua," akasema. "Walichanga kwenye kampuni ya ardhi, wakagawana kwa kura. Nina taitodidi nyumbani. Sasa mkianza kuuliza nani alitangulia hapa, mimi nitaenda wapi? Tisini na mbili, fujo za uchaguzi, tulikimbia. Elfu mbili na nane tukakimbia tena. Mgombea akisema dhuluma za kihistoria, mimi nahesabu watoto wangu kama wote wako nyumbani."

Nikamwambia sijasikia Waogiek wakimchomea mtu nyumba hapa Njoro mjini. Akakubali. Akasema shida si wao, shida ni wale watakaolisikia neno "wa kwanza" wakalibeba kwenda nalo kwingine.

Jumanne. Nessuit

Bodaboda kutoka Njoro, vumbi, halafu tope, halafu vumbi tena. Upande mmoja mahindi na viazi, upande wa pili visiki. Msitu wenyewe unauona kwa mbali juu ya mgongo wa mlima, na kila mtu anakuonyesha kwa kidole pale ulipokuwa unafika alipokuwa mtoto. Vidole vyote vinaelekea chini.

Mzee niliyeelekezwa kwake nilimkuta nyuma ya nyumba anatengeneza mzinga. "Chamgei," nikasema. "Chamgei mising," akajibu bila kuinua kichwa. Mzinga wa Kiogiek unatengenezwa kwa gogo la mtarakwa lililopasuliwa mara mbili kwa urefu, kila nusu ikachimbwa ndani kwa tezo hadi ibaki ganda la unene wa vidole viwili. Nusu mbili zikifunikana, nyuki anaachiwa matundu madogo tu ya kuingilia. Mtarakwa hauliwi na mchwa wala hauozi upesi. Mzinga mmoja, mzee akasema, unaweza kumzika aliyeuchonga. Alikuwa anasugua ndani kwa nta ya zamani. Harufu yake ilinibaki mikononi hadi usiku.

Asali waliyoisifu ni ile nyeupe ya maua ya mti wanaouita silibwet. Zamani kila ukoo ulikuwa na kipande chake cha msitu, kutoka juu kwenye mianzi hadi chini, na mizinga ilifuata maua kulingana na msimu. Kwa hiyo mtu anayesema Waogiek walikuwa wakirandaranda tu msituni hawajui. Mpaka ulikuwepo, ila uliandikwa juu ya miti na mito.

Naye akaniuliza jina la pili. Nilipomwambia akacheka. "Basi wewe huna shamba la kutetea huku. Kaa ule."

Tukala ugali na viazi. Akanieleza jinsi majirani zake Wakipsigis walivyofika kwa wingi miaka ya tisini, na barua za kugawiwa. Wengine ni wakwe zake sasa. Mjukuu wake anaongea Kikipsigis kizuri kuliko Kiogiek. Lugha hazipishani sana, na hapo ndipo penye ujanja wote: mwanasiasa akitaka kura anasema sisi sote ni Wakalenjin, na ardhi inapogawanywa Mwogiek anaambiwa wewe ni mdogo, ngoja.

Nikamuuliza kuhusu sensa. Mwaka 2009 Waogiek waliohesabiwa walikuwa 78,691. Mwaka 2019 wakawa 52,596. Hakukuwa na tauni wala vita vya kumaliza watu elfu 26.

"Mwanangu mmoja amo kwenye hao waliopotea," akasema. "Alimwambia karani yeye ni Mkalenjin. Ana digrii. Aliniambia, baba, kazi zinagawanywa kwa makabila makubwa, nikijiandika Ogiek nitakuwa mtu wa maonyesho, naitwa siku ya utamaduni nivae ngozi."

Sikumpinga huyo kijana hata akilini. Lakini ona jinsi hesabu inavyozunguka: watu wakijificha, idadi inapungua, idadi ikipungua, wanasiasa wanasema hawa ni wachache, kwa nini tuwakasirishe walio wengi? Marehemu Victor Prengei, Mwogiek, aliingia Seneti 2017 kwa kuteuliwa na chama. Agosti 2021 alifariki kwenye ajali ya barabarani hapa Nakuru. Mzee alimtaja kwa heshima, kisha akaongeza kwamba aliyekuteua ndiye mwenye sauti yako.

Jumatano. Elburgon, Mariashoni

Elburgon ni mji wa mbao. Misumeno inalia mchana kutwa, na kila hoteli ina unga wa mbao mlangoni. Sikukaa sana.

Njiani kwenda Mariashoni nilimpata mwanamume wa makamo, Mkipsigis, mwenye ng'ombe wawili na barua ya ugawaji aliyoitunza kwenye karatasi ya plastiki. Aliitoa ndani ya koti kana kwamba alijua nakuja. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta elfu 60 za Mau kwenye orodha ya msitu. Zilisemekana ni za kuwakalisha wasio na ardhi, Waogiek wakiwa mstari wa mbele. Ripoti zilizofuata zilionyesha wakubwa waliochota. Mwenye ng'ombe wawili si mkubwa. Alikuja, akafyeka, akazaa hapa.

"Hii ya Ogiek imeletwa na NGO," akasema. "Sisi Waafrika wote ni wa asili. Mzungu ndiye mgeni."

Usimcheke. Hoja yake ndiyo hoja ya serikali. Septemba 2007 Umoja wa Mataifa ulipopigia kura Azimio la Haki za Watu wa Asili, nchi 143 ziliunga mkono. Nne zilipinga: Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, zote nchi ambamo walowezi wa Kizungu waliwakuta wenyeji. Kumi na moja zilijizuia kupiga kura, na Kenya ilikuwa mojawapo. Zile nne zilijua fika watu wa asili ni akina nani, na zilihofia ardhi. Sisi tukasema hatuwajui, na nadhani hofu ilikuwa hiyo hiyo. Zile nne baadaye zilibadili msimamo.

Majaji wa Arusha, kwa taarifa yake, hawakuuliza rangi. Waliangalia nani ametumia ardhi ile tangu zamani, nani ameshika utamaduni wake kwa hiari, nani anajitambua na kutambuliwa hivyo, na nani amekandamizwa. Mkipsigis na Mwogiek wote ni weusi. Hilo halikumaliza kesi.

Mapigano ya 2020 kati ya jamii hizi mbili yaliacha nyumba zimechomwa huku Nessuit na Mariashoni, wakati mpaka wa msitu ulipoanza kupimwa upya. Yule bwana hakutaka kuyazungumzia. Aliirudisha barua ndani ya koti.

Alhamisi. Kericho

Mvua, bila shaka. Kericho bila mvua saa tisa ni uongo. Majani chai yamekaa kijani kibichi pande zote mbili za barabara, yamekatwa sawasawa, na hapo katikati huoni nyumba hata moja ya mwenyeji.

Nilikutana na mwalimu mstaafu, Mkipsigis, kwenye hoteli karibu na steji. Akaniagizia mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin, mimi nikaagiza chai, akatikisa kichwa. Huyu bwana anaijua historia kwa tarehe. Alinipa somo la saa nzima jinsi Waingereza walivyowaondoa babu zake milimani ili kupanda chai, na jinsi ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, ulivyotungiwa sheria yake peke yake 1934 na kusafirishwa wazee kwa watoto hadi Gwassi, kando ya ziwa, kwenye mbung'o na malaria. Wengi walizikwa huko. Agosti 2022 Wakipsigis na Watalai waliipeleka Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

"Sisi ndio wenyeji," akasema na kugonga meza. "Hata miaka mia ikipita, ardhi ya mtu ni ya mtu. Karatasi ya mwizi haiwi halali kwa kuzeeka."

Maneno mazuri. Yule mzee wa Nessuit angeweza kuyasema neno kwa neno. Kwa hiyo nikauliza swali langu.

Mwalimu akanywa mursik. Akafuta mdomo. Akasema suala la Mau ni tofauti kidogo, lina mambo mengi, kuna watu walipewa kihalali, tena Waogiek ni ndugu zetu, hatuwezi kutenganisha familia. Nikamuuliza kama zile karatasi za Mau nazo haziwi halali kwa kuzeeka. Akaniuliza, kwa upole, jina langu la pili.

Usiku, nikisikiliza mvua juu ya mabati ya lojing'i, niliandika hivi kwenye daftari: tangu Jumatatu hakuna aliyenijibu kuhusu Waogiek. Kila mtu amenijibu kuhusu shamba lake. Mama wa viazi ana hofu ya kufukuzwa, kwa hiyo "wa kwanza" ni neno la hatari. Mwenye barua anahitaji Waafrika wote wawe wa asili sawasawa. Mwalimu anahitaji uasili uwe na nguvu dhidi ya Mzungu, ukifika kwa jirani ulegee. Na kila mmoja akishajua shamba lake liko upande gani, chama kinajichagua chenyewe. Sisemi ni wanafiki. Hata mimi nina maoni mapana juu ya Mau kwa sababu kiwanja changu ni cha futi 50 kwa 100, mjini, na hakuna anayekidai.

Ijumaa. Ahero

Ukishuka kutoka Kericho kupitia Awasi, joto linakupokea kama mkwe asiyekupenda. Koti likaingia kwenye begi. Uwanda wa Kano ni mpunga, miwa na ng'ombe waliosimama barabarani.

Hapa mto Nyando unafika ukiwa umebeba udongo wa watu wa juu. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mvua kubwa ikinyesha milimani, huku kukiwa na jua kali, jioni unasikia watu wanapandisha magodoro juu ya meza. Dani mmoja, nyanya wa Kijaluo, alinionyesha ukutani mstari ambapo maji yalifika, na mwingine juu yake wa mwaka mwingine. Wa juu ulinifikia kifuani.

"Watoke wote," akasema nilipomuuliza. "Ogiek, Kipsigis, sijui nani. Msitu uachwe uwe msitu. Sisi ndio tunakufa huku chini."

Nikamwambia mahakama ilisema Waogiek sio waliokata. Akasema yeye haoni nani amekata, anaona maji.

Siasa zake zinaanzia hapo, na zina historia. Wakalenjin wengi walimpigia Raila Odinga 2007. Akawa Waziri Mkuu, akasimamia kikosi kazi cha Mau, na 2009 uondoaji wa watu msituni ukaanza. Kambi za mabati na plastiki zikajaa kando ya barabara, na 2013 kura za Bonde la Ufa zikawa zimekwenda upande wa pili. Mau haikuwa sababu pekee, lakini ukimuuliza mtu wa Kericho atakutajia Mau kwanza, na mtu wa Ahero atakuambia Raila aliadhibiwa kwa kuokoa maji. Kisha 2018 na 2019 watu wakaondolewa upande wa Narok, na viongozi waliokuwa wakipiga kelele walibadilishana viti kulingana na kabila la waliokuwa wanabeba mabati. Novemba 2023 walipoondolewa Waogiek wa Sasimwani, huko huko Narok, wanasiasa wachache sana walisikika. Walikuwa wachache mno kuwa na thamani ya mkutano wa hadhara.

Dani alinipa nduma za kubeba. Nilikataa mara mbili, nikachukua mara ya tatu.

Jumamosi. Kisumu

Niliamua kuuliza swali kwa mtu ambaye hana Mau wala Nyando. Kwenye barabara ya Oginga Odinga niliingia duka la vyuma la Mhindi mmoja. Familia yake ipo Kisumu tangu enzi za reli, iliyofika ziwani Desemba 1901. Nyanda za juu zilipofungwa kwa Wahindi, baadhi yao walipewa mashamba huku chini, Kibos na Muhoroni, na hivyo ndivyo baadhi ya miwa hii ilivyoanza.

"Mimi nimezaliwa hapa, baba amezaliwa hapa," akasema huku akipima misumari. "Elfu mbili na kumi na saba ndio serikali ikatutambua kuwa kabila la Kenya. Namba arobaini na nne." Akacheka. Mfanyakazi wake Mjaluo akacheka zaidi.

Na Kisumu Mashariki, ngome ya Wajaluo, imemchagua Shakeel Shabbir, Mhindi, tangu 2007. Mwaka 2017 alisimama kama mgombea huru, bila chama kinachopendwa huku, akashinda. Nilimuuliza yule mfanyakazi kwa nini. Akasema ni mtu wa kazi, tena anajulikana, anaongea Kijaluo, anafika kwenye matanga. Kabila halikutajwa kabisa. Kwingine waliniuliza jina la pili, hapa hakuna aliyeniuliza.

Ingekuwa rahisi kusema Wajaluo wa Kisumu ni wakarimu kuliko watu wa Njoro. Siamini hivyo. Nadhani Mhindi wa mjini hana hata ekari moja anayoshindania na mpiga kura wa Nyalenda. Ukiwa na duka, watu wanalalamikia bei. Ukiwa na msitu, wanakuhesabu upya.

Mchana nilishuka Dunga, ufuo wa wavuvi, kula samaki. Kulikuwa na vijana wanashona nyavu, nikawatupia swali langu kwa mara ya mwisho. Wawili walisema kama dani wa Ahero. Wa tatu, aliyekuwa kimya, akasema wapewe.

"Kwa nini, omera?" wenzake wakamrukia.

"Kwa sababu mimi nimekatazwa kuvua kwenye maji ambayo babu yangu alivua, na waliokataza wanasema wanahifadhi samaki. Halafu trela zinapita usiku zimejaa mbuta."

"Kwa hiyo utampigia kura nani?"

"Hilo ni swali lingine," akasema. "Mimi nimejibu kuhusu msitu."

Wakaanza kubishana kwa Kijaluo kwa kasi nisiyoweza kuifuata, jina la mbunge fulani likitajwa kila baada ya sentensi mbili. Mimi nikamalizia mbuta wangu. Gari la Nakuru linaondoka saa tisa, na siti za mbele zinaisha mapema.